Kanisa Katoliki, maskauti wa mwanzo na "shule isiyo na Mungu": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukipita parokiani siku ya sherehe, iwe Moshi, Kisumu au Bukavu, huenda ukakuta vijana wenye skafu shingoni wakiwapanga watu na magari. Paroko anawajua kwa majina. Mwambie muumini aliyekaa hapo kwamba miaka mia moja na kitu iliyopita mapadre wengi wa Ulaya waliwatazama vijana wa namna hiyo kwa jicho la pembeni, atadhani unamtania. Majibu haya yanakaa zaidi Ufaransa, maana huko ndiko ugomvi ulikochemka. Nchi nyingine tunazipitia kwa kadiri zinavyosaidia kuuelewa, na mwishoni tunafika Dar es Salaam, Tabora na Lubumbashi.

Je, Papa aliwahi kuwakataza Wakatoliki wajiunge na skauti?

Kwa Kanisa zima, hapana. Kilichokuwepo ni onyo la askofu huyu, makala kali kwenye gazeti lile, padre anayewaambia wazazi mimbarini wawazuie watoto wao. Na hata hilo halikuwa sawa kila mahali. Mambo yalianza kubadilika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na kufikia 1920 Wakatoliki wa Ufaransa, Italia na Ubelgiji walikuwa na maskauti wao wenyewe. Kwa hiyo tunachozungumzia ni miaka kumi hivi ya mashaka, tena mashaka yenye sababu zake.

Mashaka ya nini? Mtoto kulala kwenye hema na kuota moto kuna dhambi gani?

Hakuna. Mapadre wa Ufaransa walikuwa wakiwatoa vijana matembezini muda mrefu kabla ya Baden-Powell, Mwingereza mwanzilishi wa skauti, kuwapeleka wavulana wapatao ishirini kwenye kisiwa cha Brownsea, Agosti 1907. Parokia nyingi zilikuwa na kituo cha vijana: uwanja nyuma ya kanisa, mazoezi ya viungo, tarumbeta, maigizo, na katikati ya hayo yote, sala na katekisimu.

Ukitaka kuelewa hofu yao, chukua ratiba ya wiki ya mtoto wa Kifaransa mwaka 1911. Sheria ya elimu ya 28 Machi 1882, iliyosukumwa na waziri Jules Ferry, iliondoa somo la dini kwenye shule za msingi za serikali. Ili wazazi wasikose pa kukimbilia, ikaagiza shule zifungwe siku moja ya wiki mbali na Jumapili, anayetaka ampeleke mwanawe akafundishwe dini nje ya shule. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Hesabu mwenyewe: siku tano za mtoto ni za mwalimu wa serikali, paroko kabakiwa na Alhamisi na Jumapili.

Halafu anatokea bwana mmoja mwenye kofia pana na filimbi. Nyumbani kwao Uingereza yeye ni mwanajeshi maarufu, mtoto wa kasisi wa Kianglikana. Anasema: nipeni watoto siku ambazo hawaendi shule, nitawafundisha tabia njema, ukweli, ushupavu na kuwasaidia wenzao. Yaani anaomba Alhamisi na Jumapili. Anaomba kile kipande kidogo ambacho serikali ilimwachia paroko, na anaahidi kufanya kazi ileile ya paroko bila katekisimu.

Hapo ndipo penye kiini. Ukisoma lawama za wakati ule utakutana na Uprotestanti, Frimasoni, uabudu wa maumbile, hata ujasusi wa Kiingereza. Chini ya hayo yote kuna swali moja: saa za mtoto ni za nani?

Shule ya serikali ya Ufaransa ilikuwa na ubaya gani mpaka ikazua uadui wote huo?

Anayeitazama kutoka mbali anaweza kuona shule tu: bure kuanzia 1881, ya lazima na isiyo na dini kuanzia 1882. Kwa Mkatoliki wa wakati ule ilikuwa ni mlolongo. Sheria ya 1886 ilianza kuwaondoa watawa kwenye ualimu wa shule za serikali. Ile ya Julai 1904 ikawapiga marufuku watawa kufundisha kabisa, hata kwenye shule zao wenyewe, na mashirika mengi yakafunga virago kwenda Ubelgiji, Uingereza na kwingineko. Desemba 1905 ikaja sheria ya kutenganisha Kanisa na Serikali. Septemba 1909 maaskofu wakatoa barua ya pamoja kukataza vitabu kadhaa vya kiada vya historia na maadili ambavyo, kwa maoni yao, vilimfundisha mtoto kulidharau Kanisa.

Miaka miwili baada ya barua hiyo, uskauti ukaingia Ufaransa. Ungekuwa paroko uliyefungiwa shule yako, ukaona walimu walewale wa serikali wanauchangamkia mchezo huu mpya, ungeupokea kwa mikono miwili?

Na haikuwa Ufaransa peke yake. Ubelgiji ilikuwa na vita vyake vya shule kati ya 1879 na 1884. Serikali ya Waliberali ilipotoa dini kwenye ratiba ya shule za msingi, maaskofu waliagiza wazazi waliopeleka watoto huko na walimu waliofundisha huko wanyimwe maondoleo ya dhambi. Makanisani watu walisali: kutoka shule zisizo na Mungu na walimu wasio na imani, utuokoe, Bwana. Waliberali walishindwa uchaguzi wa 1884 na sheria ikapinduliwa. Kwa hiyo anayesema Kanisa lilikuwa "linalalamika tu" hajui lilivyoweza kuangusha serikali.

Je, "elimu isiyo na dini" ndiyo ile tunayoiita elimu dunia?

Si hasa. Mtu wa pwani akisema elimu dunia, anaiweka kando ya elimu ahera: mtoto asubuhi yuko shule, jioni yuko chuoni kwa maalimu, na hakuna anayeona ajabu. Ufaransa ya Ferry ilikuwa na mgawanyo unaofanana na huo kwenye ratiba, lakini pande zote mbili ziliuchukulia kama vita. Wanajamhuri wengi walitaka shule iwalee raia wapya watakaojitegemea kifikra, wasio chini ya padre. Upande wa pili, Papa Pius IX alikuwa ameshaorodhesha mwaka 1864, katika orodha yake ya makosa ya zama mpya, fikra kwamba shule za umma ziwe huru na mamlaka yote ya Kanisa. Kwa mafundisho hayo hisabati haikuwa na tatizo lolote. Tatizo ni kumfundisha mtoto maadili kana kwamba Mungu hayupo.

Ni kweli uskauti ulianzishwa na Frimasoni?

Hapana. Baden-Powell hakuwa Frimasoni, ingawa katika ukoo wake walikuwepo. Tuhuma ilishika Ufaransa kwa sababu mbili za wazi. Kwanza, vyama vya skauti vilivyotangulia pale mwaka 1911 vilikuwa viwili vikubwa: kimoja cha Kiprotestanti, kingine, Éclaireurs de France, kilichojitangaza kutofungamana na dini yoyote. Hakukuwa na cha Kikatoliki. Pili, ahadi ya Baden-Powell ilianza na wajibu kwa Mungu na kwa Mfalme, lakini ahadi ya hao wasiofungamana na dini ilimwacha Mungu nje. Mkatoliki aliyekuwa akigombana na Frimasoni bungeni juu ya shule alipoona ahadi bila Mungu, alijazia mwenyewe yaliyobaki.

Tuhuma hii bado inazunguka kwenye simu zetu, siku hizi pamoja na picha za alama za vidole. Kusalimia kwa mkono wa kushoto na vidole vitatu vina maelezo yake kwenye mafundisho ya skauti yenyewe, na vidole vitatu ni vile vipengele vitatu vya ahadi. Hakuna zaidi.

Na lawama ya kuabudu maumbile ilitoka wapi?

Hii ilikuwa na uzito zaidi, na mimi naiona ndiyo iliyozaa matunda. Wanateolojia walikuwa na neno la kosa hili, naturalismu: kuamini kwamba mtoto huzaliwa mwema, mwache porini akue, hewa safi na nidhamu vitamtosha. Nyuma yake walimwona Rousseau, mwanafalsafa wa karne ya kumi na nane. Kwa Mkatoliki, mtoto ana dhambi ya asili na anahitaji neema. Moto wa kambi haumbatizi mtu.

Sasa soma sheria ya sita ya skauti kama alivyoiandika Baden-Powell: skauti ni rafiki wa wanyama. Ni sentensi fupi na nzuri. Padre Jacques Sevin alipoiandika upya kwa ajili ya Wakatoliki wa Ufaransa, ilisema kwamba skauti huona katika maumbile kazi ya Mungu, hupenda mimea na wanyama. Mnyama yuleyule, pori lilelile, lakini amewekewa Muumba nyuma yake. Kwenye ahadi pia aliongeza maneno "kwa neema ya Mungu", na baada ya Mungu akaliweka Kanisa, kisha nchi. Maneno machache tu, na mlima wa hoja ukapungua.

Huyu Padre Sevin ni nani?

Ni Mjesuiti, mzaliwa wa Lille mwaka 1882, mwaka uleule wa sheria ya Ferry. Alijua Kiingereza vizuri. Baada ya kusoma lawama dhidi ya skauti aliamua kwenda kuwaona kwa macho yake, na mwaka 1913 akakutana na Baden-Powell Uingereza. Alikuta mambo tofauti na alivyosoma. Wakati wa vita alikuwa Mouscron, mji wa Ubelgiji uliokaliwa na Wajerumani. Huko aliandika kitabu chake juu ya uskauti na kuanzisha kikosi kwa siri.

Julai 1920 Scouts de France ikaundwa, yeye akiwa pamoja na Kanoni Cornette na Édouard de Macedo. Beji yao ilikuwa msalaba wa Yerusalemu wenye ua la yungi juu yake. Mwaka huohuo alishirikiana na Count Mario di Carpegna wa Italia na Jean Corbisier wa Ubelgiji kuanzisha ofisi ya kimataifa ya skauti Wakatoliki. Sala maarufu ya skauti, ile ya kumwomba Yesu atufundishe kuwa wakarimu na kutoa bila kuhesabu, ambayo wengi humpa sifa Mtakatifu Inyasi, ni ya kalamu yake.

Asidhaniwe alibebwa mabegani. Wapo Wakatoliki waliomwona anapenda mno Uingereza na njia ya Baden-Powell, na mwaka 1933 aliondolewa kwenye uongozi. Alifariki 1951. Mwaka 2012 Papa Benedikto XVI alimtangaza Mheshimiwa, hatua mojawapo ya kuelekea kuwa mwenye heri.

Tatizo la Misa ya Jumapili lilikuwa kubwa kweli?

Kubwa kuliko tunavyoweza kufikiri leo. Hakukuwa na Misa ya jioni. Misa ilikuwa asubuhi. Anayetaka kukomunika alifunga tangu usiku wa manane, hata maji hakunywa. Kikosi kinachoondoka alfajiri ya Jumapili kwenda msituni kilikuwa kinakosa Misa, yaani dhambi ya mauti kwa kila mtoto aliyefikia umri wa akili. Jibu la skauti Wakatoliki lilikuwa kubeba padre: altare ya kukunja, Misa chini ya miti, kisha ndiyo uji. Picha za zamani za kambi zina altare zilizofungwa kwa kamba na miti, kazi ya mikono ya watoto wenyewe.

Mbona Uingereza kwenyewe Wakatoliki hawakupiga kelele?

Kwa sababu jeraha la shule halikuwepo kwa namna ile. Tangu sheria ya elimu ya 1902, shule za Kikatoliki zilipata fedha za umma na kubaki za Kikatoliki. Uskauti nao uliruhusu parokia kuwa na kikosi chake chenye kiongozi Mkatoliki. Kardinali Francis Bourne wa Westminster hakuwa na sababu ya kuupinga. Chama ni kilekile, mwanzilishi ni yuleyule. Tofauti ni kilichotangulia shuleni.

Ujerumani je? Huko si kulikuwa na vijana wa matembezi kabla ya skauti?

Ndiyo, Wandervogel, waliozaliwa Steglitz karibu na Berlin na kuwa chama rasmi mwaka 1901. Wanafunzi wa sekondari wenye magitaa, wanatembea siku nyingi bila mzazi wala mwalimu. Hilo la kukosa mkubwa liliwatia maaskofu hofu kuliko kingine chochote. Oktoba 1913 vijana wa makundi mengi walikutana mlima Meissner wakatangaza kuwa wataongoza maisha yao kwa uamuzi wao wenyewe, kwa ukweli wa ndani. Padre akisikia hivyo, anasikia: bila sisi.

Wakati huohuo mapadre walimu wa mji wa Neisse, Silesia, walikuwa na kundi lao tangu 1909, Quickborn, jina lenye maana ya chemchemi hai. Lilianza kwa kuacha pombe, likaongeza matembezi na nyimbo. Mwaka 1919 lilinunua ngome ya zamani ya Rothenfels juu ya mto Main, na huko ndiko Padre Romano Guardini alikokuwa mlezi wao. Vijana wakakaa wakizunguka altare, wakamjibu padre kwa sauti. Mtu akikuambia Misa ya leo ilitoka vitabuni tu, mpe jina la Rothenfels. Wanazi waliitaifisha 1939.

Wasichana waliruhusiwa?

Polepole. Guides de France walianzishwa 1923. Ujerumani, mwongozo wa maaskofu wa 1925 ulikemea wavulana na wasichana kuoga na kufanya mazoezi pamoja. Kupanda mlima si shida, kupanda pamoja ndiko shida.

Waraka wa Papa wa 1929 juu ya malezi ulisema nini?

Ni Divini Illius Magistri wa Pius XI, wa Desemba 1929. Unasema malezi ni ya jamii tatu: familia, dola na Kanisa, na dola haina haki ya kuyahodhi. Unakataa shule isiyofungamana na dini. Unarudia sheria ya Kanisa ya 1917 kwamba mtoto Mkatoliki asisome kwenye shule zisizo za Kikatoliki isipokuwa askofu aruhusu kwa sababu za mahali na wakati. Unalaumu malezi yanayotegemea maumbile peke yake, na wavulana na wasichana kuchanganywa madarasani.

Ukiusoma leo unaweza kukwaruza. Lakini angalia ulitolewa wapi. Italia ya Mussolini ilikuwa imeanzisha jeshi lake la watoto, Balilla, mwaka 1926, na kufikia 1928 skauti Wakatoliki, waliokuwa na chama tangu 1916, walikuwa wamevunjwa. Vijana wa Milano na Monza waliendelea kwa siri na kujiita Tai Wanaotangatanga. Kwa hiyo Papa anaposema mtoto si mali ya dola, anamjibu pia mtu aliyekuwa akiwavalisha watoto mashati meusi. Hoja iliyotumika dhidi ya Ferry ikageuka ngao dhidi ya dikteta, na wale waliokuwa washukiwa, maskauti, sasa ndio walikuwa wanalindwa.

Na Papa huyu si mtu wa kuogopa milima. Akiwa bado Padre Achille Ratti alipanda Monte Rosa mwaka 1889 na Mont Blanc 1890. Kila nikisoma lawama kwamba Kanisa lilichukia nje, huwa namfikiria huyo padre kijana, kamba kiunoni, analala juu ya theluji.

Haya yote yalitugusa sisi Afrika?

Yalitugusa, lakini yakiwa yamegeuzwa. Tanganyika ya Waingereza haikuwa na Ferry. Serikali ilitaka kuzipa shule za misheni ruzuku kwa masharti ya ukaguzi. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Askofu Arthur Hinsley, aliwaambia wamisionari mkutanoni Dar es Salaam washirikiane kwa nguvu zote, na kama hawawezi kufanya yote mawili, wayaache makanisa nyuma ili wazikamilishe shule. Linganisha na Ubelgiji ya 1879! Hinsley huyohuyo baadaye alimrithi Bourne kule Westminster.

Shule ya Tabora ilikuwa ya serikali, na Julius Nyerere alipokuwa mwanafunzi hapo alishiriki kuanzisha skauti. Alibatizwa Mkatoliki mwaka 1943, baada ya kutoka Tabora. Shule ya serikali na skafu, viwili vilivyotisha Ufaransa, havikumzuia.

Kongo ilibeba ugomvi mzima wa Ubelgiji. Mkataba wa 1906 kati ya Leopold II na Roma uliwapa wamisionari ardhi kwa masharti ya kujenga shule, na kwa miaka mingi shule ikawa ni misheni. Mwaka 1954 waziri wa makoloni Auguste Buisseret, Mliberali, akaanza kufungua shule za serikali zisizo za dini kwa Waafrika. Maaskofu wakapinga, Wakongomani wengi wakafurahi. Hata vyuo vikuu vikagawanyika: Lovanium ya Wakatoliki karibu na Léopoldville, yaani Kinshasa, 1954, na chuo cha serikali Elisabethville, yaani Lubumbashi, 1956. Wakati huohuo Bukavu ilikuwa na harakati yake ya vijana Wakatoliki, Xaveri, iliyoanzishwa 1952 na Padre Georges Defour wa Wamisionari wa Afrika, ikaenea hadi Burundi na Rwanda. Ina sare, ina kambi, ina nyimbo za Kiswahili. Anayeiona barabarani kwa mara ya kwanza husema: skauti hao.

Na VIWAWA ni skauti pia?

Hapana. VIWAWA, Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, wanatoka kwenye harakati ya Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, ya miaka ya 1920, kwa vijana wa viwandani. Hao walikutana kwenye mabenchi, si porini.

Mwanangu anasoma shule ya serikali na amejiunga na skauti wa shuleni. Kanisa la leo linasemaje?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la Oktoba 1965, bado unawaweka wazazi kuwa walezi wa kwanza na bado unazipenda shule za Kikatoliki. Lakini unatambua watoto wengi wako kwenye shule nyingine, na unataka Kanisa liwafuate huko. Skauti wa shuleni kwa kawaida huchanganya dini zote, na ahadi humtaja Mungu. Muulize kiongozi wa kikosi jambo moja la kawaida kabisa: wakienda kambi ya wikiendi, Jumapili asubuhi Wakatoliki wanakwenda wapi na nani.